Njia ya Nyasi

Asubuhi ya kwanza ya likizo yake, Detlef Kuczora alikataliwa na geti.

Alikuwa dereva wa mabasi ya safari ndefu kutoka mji wa Gelsenkirchen, mtu wa kitambi, mwenye kucheka kabla utani wake haujaisha. Miaka mingi aliwaleta watu kijiji cha milimani cha Hinterlahn kuteleza kwenye theluji. Aliwashusha mbele ya hoteli, akawapa mabegi yao na mbao zao za skii, kisha akaenda kulala katika chumba cha juu nyumbani kwa mama mkulima, Burgl Greil, hadi wakati wa kugeuza basi. Kona zote za barabara ya mlima alizijua kwa majina ya matusi aliyozipa, lakini theluji hakuwahi kuigusa ila kwa kufunga minyororo kwenye magurudumu. Safari hii alipanda basi kama abiria, ameketi na mkewe Rosel, akimsahihisha dereva mwenzake njia nzima, hata Rosel akamwambia, "Mzee, ukiendelea hivi tutashushwa wote wawili."

Aliyemwita ni Burgl mwenyewe. Alikuwa amemwambia, "Njoo likizo na wewe, Detlef. Kwenye malisho yangu hakuna anayelipa. Pale hata ng'ombe utamfundisha kuteleza."

Sasa alikuwa amesimama kwenye malisho hayohayo, viatu vya skii vimembana kama pingu, na mbele yake kuna geti jipya la chuma. Ng'ambo ya geti lifti ndogo ya kamba ilikuwa inazunguka, ikiwavuta watoto wa hotelini wenye vizibao vya njano. Kila aliposogea, taa ikawaka nyekundu.

"Labda limeona nimenenepa," alisema.

"Linataka kadi," Rosel akamjibu. "Ile kadi ya mlima mzima. Ile uliyosema kwa bei yake mtu ananunua basi."

Burgl hakucheka. Alikuwa ametoka kukamua moja kwa moja, aproni ikichungulia chini ya koti, na alilitazama geti kama mtu aliyekuta kiti cha mgeni kimewekwa sebuleni kwake bila hodi. Watu wa kampuni ya lifti walikuwa wamelisimika jana, yeye akiwa mjini amempeleka ndama kwa mganga wa mifugo. Hakuna aliyemwambia neno.

"Ngojeni hapa," alisema. "Au msingoje. Nendeni mkanywe kahawa, hili si la dakika moja."

Alibatizwa Notburga, ila huku bondeni jina refu ni la siku ya mazishi. Alizaliwa katika nyumba ya mbao inayotazama malisho yale, na humo umri ulimkuta bila yeye kuona sababu ya kuhama. Alfajiri alikamua, mchana aliwapikia wageni, na kiangazi alikata nyasi kwenye miinuko ambayo mbuzi angeomba kushikwa mkono. Wanaume wawili waliwahi kumchumbia, na wote wawili walitaka auze ng'ombe. Ng'ombe walibaki.

Malisho yale ndiyo yaliyokuwa shule ya Hinterlahn kabla ya walimu wa skii kupewa vizibao. Baba yake alichukua injini ya trekta kuukuu, akaifunga kamba, na hiyo ikawa lifti ya kwanza ya kijiji. Hakuna mtu wa hapa ambaye hakuanguka pale. Burgl hakuwa na cheti wala beji. Alisimama chini ya mteremko, akatanua mikono na kusema, "Njoo. Nikikudaka, nimekudaka. Nisipokudaka, theluji ipo." Watu wakaja, watoto na wakubwa, wakajua kusimama.

Baadaye kampuni ikajenga lifti kubwa ya vibanda hadi kileleni, na wageni wakaanza kumiminika. Lakini mlima haukuwa wa kampuni, na mpaka leo si wake. Mlima ni malisho ya huyu, yamepakana na malisho ya yule, na kati yao kuna nyua. Kila vuli, ng'ombe wakishateremka kutoka juu, wakulima wa Hinterlahn hung'oa nguzo za nyua zao wenyewe na kuzilaza kando, ili mwenye skii apite popote bila kuuliza ardhi ni ya nani. Hoteli zote, mabwawa ya maji ya moto, magari ya kifahari yaliyopangwa mbele ya kanisa, vyote vimesimama juu ya kitendo hicho cha mtu mwenye mikono migumu kuinama na kung'oa uzio wake. Na kwa malisho ya akina Greil kulikuwa na mapatano yake: kampuni itaiendesha lifti ndogo, na mwanakijiji yeyote, pamoja na mgeni yeyote anayelala nyumba za wakulima, atapanda bure. Baba yake Burgl na mkuu wa kampuni wa siku zile walikunywa kinywaji kikali cha peasi kutoka chupa moja, wakapeana mikono, wakaenda zao. Watu wa mjini huyaita mapatano ya namna hiyo ushamba. Ni kwa ushamba huo wao wanapata pa kuteleza.

Mkuu wa kampuni wa siku hizi alikuwa Korbinian Haslwanter, mwana wa Hinterlahn, aliyekaa dawati moja na Burgl shuleni. Burgl alimkuta ofisini kwake kwenye kituo cha lifti kubwa.

"Burgl. Kaa, bwana."

"Nimekaa toka nizaliwe. Lile geti la nini?"

"La utaratibu tu. Mwenye kadi anapanga foleni nyuma ya asiye na kadi, kisha anakuja kunifokea mimi. Ningemjibu nini?"

"Ungemjibu kwamba yuko kwenye malisho ya watu. Hao wasio na kadi ni wageni wangu, na watoto wa mwokaji, na wale mabinti wanaotandika vitanda vya hoteli zako. Wamekukosea nini?"

"Hawajanikosea. Wamezidi tu."

"Meno yako ya mbele yaliishia pale, Korbinian. Ulikuwa na kadi?"

Ulimi wa Korbinian ukagusa meno ya bandia bila yeye kukusudia. "Wakati ule tulikuwa maskini sote."

"Kwa hiyo wewe umeshavuka, sasa unatutolea daraja."

"Sikiliza. Wageni wako ni wawili, si ndiyo? Nawapa kadi za mlima mzima, wiki nzima, bure. Umeridhika?"

Burgl aliipima ahadi hiyo. Ofa ilikuwa nzuri, na Detlef angefurahi kuliko mtoto. "Na watoto wa mwokaji?"

"Burgl, mimi sina kampuni ya sadaka."

"Basi kaa na kadi zako. Ila usitukane wakunga, Korbinian, na uzazi ungalipo. Vuli itakuja, na utazihitaji nyua zetu ziondoke."

"Vuli iko mbali," alisema Korbinian kwa upole, na upole huo ndio uliomuudhi Burgl. "Sasa hivi nyua zimeshang'oka na ardhi imeganda. Ukipiga nguzo leo utavunja nyundo. Ikifika vuli tutazungumza, na watu watakuwa wamelizoea."

Hapo alisema kweli, na Burgl aliijua kweli hiyo vizuri kuliko yeye. Huku jambo likipita majira mazima ya baridi bila kupingwa, majira yajayo linaitwa desturi. Geti likiona theluji ikiyeyuka likiwa bado limesimama, halitaondoka tena. Asipoziba ufa wiki hii, wiki ya likizo, mlima ukiwa umejaa na macho ya watu yapo, atajenga ukuta maisha yake yote.

Alirudi nyumbani kwa miguu, kando ya mteremko mkuu. Katikati ya njia alisimama kupumua na kutazama juu. Ghala lake la mlimani lilionekana, paa limebeba theluji, na ndani yake nyasi kavu za kiangazi kizima. Maporomoko ya udongo ya vuli yalikuwa yamekata barabara ya trekta, akasema atazishusha barabara ikitengenezwa. Macho yake yakafuata mstari wa mteremko kutoka ghalani, polepole, kona kwa kona, mpaka chini, mpaka kwenye malisho, mpaka kwenye geti. Kisha akaendelea na safari, na sasa alitembea haraka.

Mchana huo mezani alikuwapo mdogo wake, Vinzenz, ambaye aliendesha mashine ya kampuni ya kusawazisha theluji na alikula kwa dada yake kabla ya kuingia zamu. Detlef na Rosel nao walikuwapo. Burgl aliwapakulia madonge ya mkate na jibini ndani ya mchuzi, akajipakulia mwenyewe, akakaa.

"Kesho nashusha nyasi," alisema.

"Barabara ya trekta imekatika," alisema Vinzenz.

"Nani kataja trekta?"

Kijiko cha Vinzenz kikasimama hewani. Rosel akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Jamani, sisi wengine hatujaelewa."

Burgl akaeleza. Zamani, kabla ya barabara za trekta, nyasi za mlimani zilishushwa wakati wa baridi kwa sleji, ule mkokoteni usio na magurudumu, mtu mbele na mzigo nyuma. Na kuanzia Sikukuu ya Mishumaa, mwanzoni mwa mwezi wa pili, hadi Siku ya Mtakatifu Yosefu, katika mwezi wa tatu, yaani siku hizihizi, njia ya nyasi ni ya nyasi. Zikishuka, kila mtu anapisha, mwenye farasi, mwenye skii, hata padri na jeneza lake. Na katika siku hizo hakuna ruhusa ya kuweka kitu chochote juu ya njia hiyo. Sasa mteremko mkuu wa skii unapita palepale ilipopita njia ya nyasi, maana mlima hauna njia nyingi, na mdomo wa njia uko kwenye malisho, mahali lilipokwenda kuzaliwa lile geti.

"Miaka mingi hakuna aliyevuta," alisema Burgl. "Korbinian kasahau."

"Hajasahau," alisema Vinzenz. "Amedhani sisi ndio tumesahau." Akaweka kijiko chini. "Dada, mimi nakula kwa yule mtu. Usiniombe kitu."

"Sijakuomba."

"Na ujue mteremko nikishaupitia na mashine unakuwa kioo. Sleji ikiingia pale haisimami Hinterlahn. Inasimama Italia."

"Basi nitawasalimia Waitalia."

Vinzenz aliondoka bila kumaliza mchuzi, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Burgl alilitazama bakuli, kisha akalifunika kwa sahani.

"Hiyo sleji," Detlef akaanza, "inahitaji watu wangapi?"

"Wawili, mzigo ukiwa mkubwa."

"Ina breki?"

"Ina visigino."

"Visigino vya nani?"

"Vya anayeuliza."

Rosel akaweka mkono usoni. "Bima yetu inasemaje kuhusu nyasi?"

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Detlef hakuingoja ya tatu.

Kesho yake, maziwa yakiwa bado ya moto ndooni, Burgl alipiga simu ofisi ya lifti. Hakutaka mtu aumie. "Nyasi zinashuka asubuhi hii," alisema. "Funga mteremko mkuu."

"Nyasi gani?" aliuliza Korbinian.

"Zile ambazo ng'ombe hula."

Alikata simu, akampigia na msimamizi wa usalama wa mlimani, akamwambia hilohilo kwa maneno hayohayo. Korbinian alipotoka ofisini kutoa amri, vijana wa usalama walikuwa wameshavuta kamba kukata mteremko na kuwasimamisha wateleza-skii kandokando. Hawakumwuliza. Wote walikuwa watoto wa wakulima, na neno nyasi lilikuwa limewaingia miguuni kabla ya kufika kichwani.

Juu ghalani, Burgl na Detlef walipakia. Burgl alizishindilia nyasi kwa magoti, akazifunga kwa kamba, akapitisha minyororo chini ya mbao za sleji ili iume theluji. Kisha akasogea ukingoni kuutazama mteremko. Mashine ilikuwa imepita kila mahali, theluji inang'aa kama sahani iliyooshwa. Ila upande wa kulia, kutoka ghalani hadi chini kabisa, ulibaki ukanda mwembamba ambao haukuguswa, laini, wa upana wa sleji moja. Burgl aliutazama muda mrefu. Akajifuta pua kwa glavu.

"Nini?" aliuliza Detlef.

"Hakuna. Shika kamba ya nyuma. Nikisema vuta, kaa chini uvute. Usiachie mpaka niseme, hata ukiona mbingu."

Akaingia katikati ya pembe mbili za mbele za sleji, akaegemeza mgongo kwenye mzigo, akajaza kifua. "Nyasi!" Sauti ikapiga ukuta wa mlima wa pili na kurudi. Akainua visigino.

Sleji ikaondoka kama mtu anayeamka, kwa uzito na bila haraka. Kisha ikakumbuka kazi yake. Theluji laini ikapasuka mbele ya magoti ya Burgl na kumrukia usoni, minyororo ikakoroma, mzigo ukamsukuma mgongoni kama ng'ombe dume asiye na adabu. Alikuwa amefanya hivi na baba yake akiwa msichana, na mwili ulikumbuka yote: mkono wa kushoto kusukuma, kisigino cha kulia kuzama, kuegemea nyuma hata pale moyo unapotaka kuruka mbele. Kando, watu walisimama kwa safu, skii miguuni, simu mikononi. Aliwaona kama rangi tu.

Chini ya kona kubwa, maji ya mitambo ya kutengeneza theluji yalikuwa yamevuja na kuganda juu ya ukanda. Hapo hata Vinzenz hakuwa na la kufanya. Sleji iligusa barafu ikaruka.

"Vuta!"

Detlef alikaa chini akavuta. Miguu ikamtoka, akalala kifudifudi, na kamba hakuiachia. Akaburutwa kwa tumbo, mdomo umejaa theluji, akiwa yeye mwenyewe breki ambayo sleji haikuwa nayo. Burgl alizamisha visigino vyote viwili. Mnyororo ukakwaruza, ukateleza, ukauma. Barafu ikaisha, na theluji laini ikawapokea tena.

Waliingia malishoni polepole kama watu watokao kanisani, na sleji ikasimama mbele ya geti, pembe zake zikikaribia kuligusa.

Watu walikuwa wanapiga makofi. Korbinian alikuwa amesimama kando ya geti, na uso wake haukuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa mfanyabiashara mzuri, na alikuwa ameshaona kitu.

"Burgl," alisema, amemshika bega, "tazama hawa watu. Hawatazami lifti yangu ya mamilioni, wanakutazama wewe. Tufanye hivi kila Jumatano. Uvae nguo za kizamani, tuweke na muziki kidogo. Tutakulipa vizuri."

"Hii si ngoma, Korbinian. Ni chakula. Na wanaokila wako ng'ambo ya geti lako."

"Zungukeni pale pembeni, nafasi ipo."

"Nyasi hazizunguki. Unajua."

Makofi yalikuwa yamekoma. Wageni hawakujua kinachoendelea, lakini wenyeji walijua, nao walikuwa wengi: mwokaji na unga wake mikononi, mabinti wa hoteli wenye skii za kuazima mabegani, vijana wa usalama wakikunja kamba zao. Mmoja wa vijana hao alisema bila kuinua sauti, kama anayezungumzia hali ya hewa, "Baba naye ana nyasi juu, mkuu."

"Na kwetu pia," alisema mwingine.

"Kwetu zipo za ghala mbili," alisema mwokaji, ambaye hakuwa na ng'ombe wala ghala, na kila mtu alijua, na hakuna aliyemrekebisha.

Korbinian aliwatazama mmoja mmoja. Alikuwa anahesabu nyua za vuli, hilo lilionekana wazi usoni pake: nguzo zilizosimama wima kutoka juu hadi chini ya mlima wake, na hoteli tupu. Lakini labda kulikuwa na kingine pia, maana alikuwa mtoto wa hapa, na alilitazama lile rundo la nyasi kwa namna ambayo mtu wa kuja asingelitazama.

"Ungeniambia jana," alimwambia Burgl, chini kwa chini.

"Jana ulikuwa na majibu tayari."

Akageuka. "Nani ana spana?"

Vinzenz alitoka nyuma ya watu, macho mekundu kwa usingizi, akaitoa mfukoni mwa koti. Korbinian aliitazama spana, akautazama ule ukanda mweupe upande wa kulia wa mteremko, akamtazama dereva wake.

"Mashine ilipata nini kule?"

"Dizeli ilipungua."

"Upande mmoja tu?"

"Mlima huu una mambo yake, mkuu."

Korbinian aliichukua spana. Akapiga goti kwenye theluji na suti yake, akaanza kufungua nati mwenyewe. Geti lilipolala chini, watu waliinua pembe za sleji pamoja na Burgl na kuivusha, na nyasi zikaingia nyumbani.

Siku hiyo hakuna aliyeulizwa kadi kwenye lifti ndogo. Detlef, kifua kikimuuma, alipanda na kuanguka, akapanda na kuanguka, na Burgl alisimama chini, mikono ametanua, akimwambia kwamba mtu aliyeburutwa na nyasi hana haki ya kuogopa kilima cha watoto. Rosel ndiye aliyefika kwanza bila kuanguka. Aliomba radhi kwa mumewe mbele za watu, kwa namna ambayo haikuwa radhi hata kidogo.

Asubuhi iliyofuata Detlef alishuka ngazi akiwa amevaa tayari kwa malisho, akamkuta Burgl nje anakagua minyororo ya sleji.

"Dada Burgl, si tumeshinda jana?"

"Tumeshinda."

"Geti si limeondoka?"

"Limeondoka. Na nyasi bado ziko juu." Aliurusha mnyororo juu ya sleji. "Zikikaa huko, ng'ombe watakula nini, ushindi? Nenda kateleze, mimi nitampata mtu."

Detlef aliyatazama malisho, lifti ikizunguka tupu, theluji haijaguswa na mtu. Akatazama juu. Kisha akaketi kwenye ngazi na kuanza kubadilisha viatu, akinung'unika kwamba likizo nyingine atakwenda baharini.

Walikuwa bado wanapakia ghalani sauti iliposikika kutoka ghala la jirani kwenye mteremko wa pili, sauti ya mwanamume, ngeni kidogo kwa neno hilo, kama mtu anayelijaribu kwa mara ya kwanza.

"Nyasi!"

Burgl alisimama wima, uma wa nyasi mkononi, akasikiliza mwangwi ukipita bondeni. "Huyo anapiga kelele mapema mno," alisema. "Angoje aingie kwanza kati ya pembe za sleji. Shika kamba, Detlef."